Maoni ya Fundi Cherehani, Guraya

Runinga yangu ni ya inchi kumi na nne,
imekaa juu ya kabati la vifungo,
antena yake waya wa hanga niliounyoosha mwenyewe.
Ikizidi kijani, si kosa la filamu,
na mimi simhukumu mtu kwa kosa la runinga.
Mengine yote nahukumu.

Ile ya mfalme, kwa mfano.
Farasi mia tatu, ngome, mvua ya mishale,
mwana anamuua babake kwa ajili ya kiti.
Kadzo wa mbaazi alisimama mlangoni, mwiko mkononi,
wateja wakamwita hadi wakachoka.
Mimi nikaona zipu.
Mgongoni mwa malkia, karne ambayo
hata sindano ilikuwa ya kurithiwa,
zipu!
Tangu hapo nikamwacha mfalme afe peke yake.

Tamthilia ya saa mbili usiku, ile ya matajiri
wanaosema Kiswahili ambacho midomo yao haikifuati,
naitazama, sikatai.
Tuko sehemu ya mia na arubaini na moja
na yule bibi harusi bado yuko ngazini.
Akishuka hatua, anageuka; akigeuka, muziki;
muziki ukiisha, tangazo la sabuni.
Nimeshawashonea maharusi sita wa kweli tangu aanze kushuka,
na mmoja wao ameshapewa talaka.
Lakini mama mkwe! Yule nampenda.
Humwaga chai makusudi kama mtu anayetia sahihi.
Mbaya aliyekatwa vizuri
namvumilia kuliko mwema aliyeshonwa ovyo.

Ya majini, bure kabisa.
Jini gani ana kucha na macho ya taa?
Waulize watu: jini hupiga hodi kwa adabu
na huwa amevaa kukushinda.

Za karate sina neno,
madhali ni zile alizozitaka Shali, shagirdi wangu,
ambazo mtu fulani amezisemea juu kwa sauti ya mnada,
kila bwana akampa jina la jirani yake:
Mzee Kombo anaruka paa, Mwinyi anadaiwa kodi.
Sidhani wenyewe waliandika vizuri hivyo.

Halafu ile iliyopigwa hapa hapa.
Walikuja na malori manne, na taa kama jua la pili,
wakatufungia njia siku mbili.
Tukangoja miezi kumi na moja.
Tukaona nini? Mchanga. Ngamia. Mchanga.
Mombasa nzima hakuna mwenye deni dukani,
hakuna anayetafuta dawa ya mtoto.
Mtu wetu mmoja alipewa neno moja, “Karibu,”
kisha akapigwa risasi.
Kofia yake ilikuwa ya vito, ya mkono kabisa.
Mtu alikaa miezi minne juu ya kofia ile
ije ibingirike sekunde tatu.

Na iko moja sijui jina lake.
Niliidaka katikati, usiku mkuu,
nchi ya baridi, maandishi chini yanakimbia,
miwani yangu iko chini ya vitambaa.
Mzee ameketi na koti la mkewe, analifumua.
Basi. Hakuna muziki, hakuna anayegeuka.
Alianzia pindoni, inavyopasa,
vifungo akaviweka kwenye kisahani,
uzi akauzungusha kwenye kijiti bila kuukata.
Mkono ule haukuwa unaigiza.
Mkono ule ulishafumua kabla.

Alipofika kwapani, stima ikapotea mtaa mzima.

Kadzo anasema bila shaka alilichoma.
Shali, ambaye alikuwa amelala, anasema alifanya mto.
Mimi droo ya chini nina gauni la Mishi,
rangi ya bizari, mkono mmoja haujatiwa.
Mara mbili wiki hii nimelitoa,
mara mbili nimelikunja tena.

Ile bado sijaitolea maoni.